Trela la kambi lenye paa la juu na matawi ya miti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili walioko Marekani walionunua au wanaokodi trela la kambi, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, hasa wanaozunguka majimbo ya kusini: Georgia, Florida, South Carolina na Texas. Wengi wetu tulijifunza kuendesha nyumbani, ambako adha ya barabara iko chini: mashimo, matuta, tope. Macho yakazoea kutazama chini. Kwenye kambi za huku adha iko juu ya kichwa, tena nyuma ya dereva, mahali ambapo kioo hakifiki.

Nimepita chini ya madaraja yote salama. Matawi yanitie wasiwasi wa nini?

Barabarani kuna kiwango, kambini hakuna. Majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu gari lenye kimo cha futi 13 na inchi 6 (mita 4.11), na mengi ya magharibi yanafika futi 14. Madaraja ya barabara kuu zinazounganisha majimbo yamejengwa kwa kuzingatia malori hayo. Maeneo ya vijijini kiwango cha nafasi ni futi 16. Trela la kawaida la kuvutwa nyuma ya gari lina futi 10 hadi 11 na kitu. Yale makubwa yanayofungwa ndani ya bodi ya pikapu yanafika 13. Kwa hiyo kwenye barabara kuu hizo unapita bila kuwaza.

Ukishaingia getini mambo hubadilika. Kambi nyingi za zamani katika hifadhi zilijengwa na vijana wa mradi wa serikali wa CCC, kati ya 1933 na 1942, wakati watu walikuja na mahema na magari madogo. Vijia ni vile vile na miti ni ile ile, ila sasa imezidi unene na matawi yake yametanda juu ya njia.

Kitabu cha trela kinasema futi 11 na inchi 2. Si kinatosha?

Hakitoshi. Namba ya kitabuni huenda haihesabu kiyoyozi kilichoongezwa baadaye, paneli za sola, matairi makubwa zaidi, wala jinsi gari lako linavyoinua pua ya trela. Pima mwenyewe. Liegeshe mahali tambarare likiwa limefungwa kwenye gari, matairi yana upepo wake kamili. Panda ngazi, laza ubao mnyoofu juu ya sehemu ya juu kabisa, ambayo mara nyingi ni kiyoyozi, na uusawazishe kwa pima maji. Kisha teremsha tepu kutoka ncha ya ubao hadi chini.

Andika namba hiyo kwa futi na inchi, si kwa mita, kwa sababu vibao vya huku vinasoma futi. Ibandike karibu na usukani. Mtu akikuuliza getini kimo chako ni kiasi gani, umsomee, usikisie.

Niache nafasi kiasi gani kati ya paa na tawi?

Wakati wa kupita, inchi 6 ndicho kiasi cha chini ninachokikubali, na hiyo ni kama ardhi ni tambarare. Kama njia ina mizizi au mabonde, taka futi nzima. Trela linaruka kwenye springi zake. Gurudumu likishuka shimoni na kupanda, paa hupanda nalo. Kwa kukaa siku kadhaa nataka zaidi, na sababu ziko chini katika swali la mvua.

Nitajuaje kabla ya kulipia kwamba kiwanja nitakachoegesha kambini kina matawi ya chini?

Tovuti za kuhifadhi nafasi kama Recreation.gov hukuonyesha urefu wa kiegesho, yaani toka mbele hadi nyuma. Kimo cha nafasi iliyo juu huandikwa kwa nadra. Mtu anasoma “futi 35”, anafurahi, anafika na kukuta handaki la majani.

Tazama picha za kiwanja chenyewe, si picha ya kambi kwa jumla. Picha ya setilaiti nayo inasaidia: ukiona kijani kimefunika kiegesho chote na lami haionekani kabisa, ujue una paa juu ya paa. Halafu piga simu. Usiulize “trela langu litaingia?” maana utajibiwa ndiyo. Uliza hivi: “Kuna trela lenye kimo cha futi 12 na nusu lililowahi kukaa kiwanja namba fulani?” Anayejibu simu akianza kusitasita, omba kiwanja kingine. Waulize pia kuhusu njia ya kufika, kwa sababu mara nyingi kiwanja chenyewe kiko wazi na tatizo liko kwenye kona mbili kabla yake.

Kwa nini kambi za pwani ya Georgia na Florida zinasifika kwa kuchana mapaa?

Kwa sababu ya mwaloni wa huko, ule usiopukutisha majani. Ndio mti wa jimbo la Georgia tangu 1937. Miti mingi hupeleka nguvu zake juu, lakini huu unatanda, na upana wa kilele chake unaweza kuzidi kimo chake. Matawi makubwa hukimbia sambamba na ardhi, mengine huinama hadi kuigusa. Ukienda Skidaway Island karibu na Savannah, au kambi ya Jekyll Island, utaona: nyuzi za kijivu zikining'inia kila mahali, kivuli cha kupendeza, na matawi mazito kama mapaja ya tembo juu ya njia.

Mbao zake ni miongoni mwa zilizo nzito kuliko zote Marekani. Meli ya kivita USS Constitution, iliyoshushwa majini 1797, iliundwa kwa mbao hizo, na ilipata sifa ya kudundisha risasi za mizinga. Paa la trela ni plaiwudi nyembamba iliyovikwa mpira. Vikikutana, mti hautikisiki.

Jambo la pili: ule ujanja wa kwenda kambi majira ya baridi, majani yakiwa yamedondoka na matawi yamepungua uzito, hapa haufanyi kazi. Mwaloni huu una majani mwaka mzima.

Msonobari ni rafiki zaidi. Ukikua msituni hupoteza matawi ya chini wenyewe, na shina hubaki tupu hadi juu sana. Usumbufu wake ni utomvu, si kimo.

Nimefika kambini. Nianze na nini?

Simama pembeni, zima gari, shuka. Tembea kwa miguu njia yote hadi kiwanjani ukitazama juu, si chini. Watu wanaona haya kusimamisha gari na kuzuia walio nyuma. Wasubiri. Mwenye haraka atapiga honi, na honi haichani paa.

Chukua ufito wa kupimia. Bomba la plastiki la fundi bomba linatosha. Likate liwe na kimo cha trela lako kuongeza inchi 6, liwe la vipande viwili vya kuunganisha ili likae ndani ya gari. Litembeze likiwa wima chini ya kila tawi unalolitilia shaka. Likigusa tawi jembamba la majani, hilo litajadiliwa. Likigusa tawi nene kuliko kidole gumba, njia hiyo si yako.

Kabla ya kuingia, shusha antena, funga matundu yote ya hewa ya darini. Mfuniko wa plastiki uliofunguliwa unaongeza inchi kadhaa na ndio huondoka wa kwanza.

Utingo asimame wapi?

Aliyewahi kupanda lori la mizigo anajua kazi ya utingo: kuona kile dereva hawezi. Hapa utingo wako ni mke, mume, mtoto mkubwa au jirani wa kambi. Kosa la kawaida ni wote kutazama magurudumu ya nyuma na kisiki cha pembeni. Mkiwa wawili nje, mmoja aangalie chini na mwingine asiondoe macho juu. Mkiwa mmoja tu nje, dereva arudi rivasi kwa vipande: mita mbili, simama, utingo anatazama juu pande zote, ndipo mita mbili nyingine.

Utingo asimame pembeni ya nyuma, upande wa dereva, mahali anapoonekana kwenye kioo. Dereva asipomwona anasimama papo hapo. Tumieni redio za mkononi au simu, ila mtandao wa simu kambini mara nyingi ni wa kubahatisha. Na mkubaliane neno moja la kusimamisha. “Bado, bado, bado... aa, eee, ngoja” si neno la kusimamisha. “Simama!” linatosha, na dereva akilisikia kutoka kwa yeyote, hata mtoto wa jirani, anakanyaga breki kwanza na kuuliza baadaye.

Nilipima, paa linapita. Mbona liligusa nilipokata kona?

Kuna mambo mawili hapa, na yanawachanganya hata wazoefu.

La kwanza ni mkia. Trela lina sehemu ndefu nyuma ya magurudumu. Ukikata kona, mkia huo unatupwa upande wa pili. Pembe ya juu ya nyuma inafagia mahali ambapo magurudumu hayakupita na wewe hukupima.

La pili ni kuinama. Trela lenye kimo cha futi 12 likipandisha gurudumu la upande mmoja juu ya mzizi wa sentimita 10, paa linahama upande wa pili kwa karibu sentimita 15 hadi 18. Shina la mti lililokuwa mbali chini linakuwa jirani kule juu. Hata barabara ya kawaida ina mgongo katikati ili maji yateremke. Ukiendesha upande wa kulia, trela linaegemea kulia, yaani kwenye miti. Ndiyo maana kwenye vijia vyembamba vya kambi, kama hakuna anayekuja mbele, kaa katikati.

Hali hiyo hiyo inakukuta tena wakati wa kusawazisha. Umeegesha vizuri, kisha unaweka vibao chini ya matairi ya upande mmoja na kuinua pua kwa jeki. Paa limehama. Tazama juu tena kabla ya kuchomoa waya wa gari.

Naruhusiwa kukata tawi linalonisumbua?

Katika hifadhi za taifa, hapana. Kanuni ya shirikisho, 36 CFR 2.1, inakataza kuharibu, kujeruhi au kuondoa mmea au sehemu yake. Hifadhi za majimbo zina kanuni zao za namna hiyo. Mwone askari wa hifadhi au mwenyeji wa kambi, yule mzee anayekaa kwenye trela karibu na geti. Mara nyingi ama watakuhamisha, ama watatuma mtu na msumeno kwa wakati wao. Kwenye kambi ya mtu binafsi, omba ruhusa ya mwenyewe.

Texas kuna sababu ya ziada. Kuna ugonjwa wa kuvu unaoua mialoni, unaoenea kwa mizizi iliyoungana na kwa wadudu wadogo wanaofuata utomvu wa kidonda kibichi. Wataalamu wa misitu wa jimbo hilo wanawasihi watu wasikate mialoni kati ya Februari na Juni, na kila kidonda kipakwe rangi mara moja, majira yoyote. Tawi lako moja la kupitisha trela linaweza kuwa mlango wa kuua miti ya mtaa mzima.

Je, nikilivuta tawi kando kwa kamba?

Tawi jembamba, bichi, lenye kunesa, sawa. Tumia kamba laini na pana, au ufito wenye brashi laini mwishoni, na mtu alisukume akiwa amesimama ardhini, pembeni, si kati ya trela na shina. Lisivutwe hadi likalia. Tawi nene lililovutwa kwa nguvu lina hasira. Likichomoka kwenye kamba, hurudi na kupiga kilicho mbele yake.

Kupanda juu ya paa kuinua tawi wakati gari linatembea: hapana kabisa, hata kama shemeji yako alifanya hivyo na hakuanguka.

Na nyaya za umeme zilizopita katikati ya matawi?

Usiguse, usisukume, na usinyanyue bomba lako la kupimia karibu nazo, hasa kama ni la chuma. Kaa mbali zaidi ya futi 10. Tawi lililolalia waya ni kazi ya kampuni ya umeme.

Nimeshaegesha, tawi liko inchi mbili juu ya paa na haligusi. Si salama?

Kwa saa hiyo, ndiyo. Subiri mvua. Majani yakilowa, tawi linaongezeka uzito na kushuka, na lile lililokuwa inchi mbili juu litakuwa limelala darini usiku wa manane. Upepo ukija linaanza kusugua mbele na nyuma. Ngozi ya paa la mpira, aina ya EPDM au TPO, ina unene wa milimita moja na kitu. Usiku mmoja wa upepo unatosha kuichosha, na hutajua hadi doa la maji litokee juu ya kitanda.

Angalia pia vyumba vinavyochomoza kwa mota. Vifungue polepole, mtu akiwa nje, kwa sababu tawi lililo pembeni halikuonekana wakati wa kuegesha. Turubai la kivuli nalo linataka nafasi yake.

Kivuli si ndicho tunachofuata? Julai ya Georgia bila mti haivumiliki.

Kweli, na sisemi mtu akae juani. Kivuli kizuri ni cha mti ulio upande wa magharibi wa trela, unaokukinga na jua la alasiri bila kutanda juu ya paa. Mti ulio juu kabisa unakuletea pia majani kwenye mifereji, kinyesi cha ndege, na mwezi wa Oktoba mbegu za mwaloni zinazodondoka darini alfajiri kwa kishindo cha kuamsha watoto. Paneli za sola chini yake zinalala, na dishi la Starlink, la intaneti ya setilaiti, linalalamika kwamba haliioni anga.

Zaidi ya hayo, tazama matawi yaliyokauka. Tawi lisilo na majani wakati mengine yanayo, au lililovunjika na kunasa juu, ni sababu tosha ya kuomba kiwanja kingine, hata kama kimo chake ni cha kutosha.

Nimesikia mkwaruzo juu. Nifanye nini?

Simama. Usisogee mbele wala nyuma kabla mtu hajapanda ngazi ya kuegemeza pembeni na kuona. Silika ya dereva ni kurudi alikotoka, na mara nyingi ndiyo njia sahihi, lakini tawi lililokwisha kuvuka kiyoyozi linaweza kunasa nyuma yake, ukirudi, unaking'oa. Wakati mwingine dawa ni kupunguza kimo: kutoa upepo kidogo kwenye matairi hushusha trela kidogo, ukitambaa kutoka kisha unajaza tena kwa pampu kabla ya kwenda popote.

Piga picha za paa, za tawi na za kiwanja kabla hujasafisha chochote.

Paa limechanika. Niliweke nini mvua isije ikaingia?

Turubai kwa usiku huo, kisha ziba kesho pakikauka. Safisha kwa sabuni isiyo na mafuta, malizia kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala kisafishio cha jamii hiyo kwenye mpira wa EPDM, vinauvimbisha. Bandika kiraka cha mkanda wa butili (mpira unaonata) kinachovuka mpasuko kwa inchi kadhaa kila upande, kikandamize kwa roli, na kingo zake zipakwe gundi ya paa inayojisawazisha yenyewe.

Silikoni ya dukani ile ya bafu usiitie kabisa. Baadaye hakuna gundi itakayoshika juu yake, na fundi atakutoza kwa kuikwangua.

Ukikanyaga au kubonyeza na pakabonyea, maji yameshafika kwenye plaiwudi. Hapo ni fundi. Na maji hutembea: doa linaweza kutokea mbele wakati tundu liko nyuma.

Bima italipa?

Inategemea nani kamfuata mwenzake. Ukiligonga tawi ukiwa unatembea, huhesabiwa kama ajali ya kugonga. Tawi likikuangukia umeegesha, huenda kwenye sehemu ya majanga mengine. Huku sehemu hizi mbili zinanunuliwa kila moja peke yake, si kama “bima kubwa” ya nyumbani. Tena bima ya gari linalovuta kwa kawaida hulipa madhara unayowafanyia wengine kwa trela, si uharibifu wa trela lenyewe. Hilo linataka bima yake. Kuoza kwa maji yaliyoingia taratibu miezi mingi karibu zote zinakataa, na watengenezaji wengi wanataka paa likaguliwe kila miezi 3.

Trela linakaa uani kwangu chini ya mti. Nikate vipi?

Ukiwa na mti wako mwenyewe, kata tawi lote hadi karibu na shina lakini uache ule uvimbe wa chini yake. Kidonda hufunga kutokea hapo. Tawi zito likatwe mara tatu: kwanza chini kidogo, pili juu mbele ya pale, mwisho kisiki kilichobaki, la sivyo linachuna gome likishuka. Kidonda usikipake rangi, isipokuwa ni mwaloni na uko kwenye majimbo yenye ule ugonjwa. Tawi linalohitaji ngazi na msumeno wa injini kwa pamoja, lipa mtu mwenye bima.

Siku ya kuondoka kuna la kuangalia?

Lipo. Kabla ya kurudisha vyumba ndani, fagia vijiti na mbegu zilizodondoka juu yake, maana vikiingia navyo vinakata mpira wa kuzuia maji. Antena ishushwe. Kama mvua ilinyesha usiku, tembea njia tena na bomba lako: matawi hayako pale ulipoyaacha siku ya kuja, na ukitoka kwa kwenda mbele mkia unafagia upande ambao hukuupima wakati wa kuingia rivasi. Matangi ya maji, safi na machafu, yakiwa matupu na chakula kimekwisha, springi nazo zimepumua, kwa hiyo trela linaloondoka huwa juu kidogo kuliko lililofika.